Mtani Ndani ya Kaburi

1

Kalunde alikuwa anakufa, lakini mdomo wake ulikuwa bado mzima.

"Chura, umefika," akasema niliposimama mlangoni. "Futa miguu. Nyumba hii haijazoea matope."

"Nilifuata harufu ya beberu," nikamjibu. "Kumbe ni wewe."

Hakucheka, nami sikucheka. Maneno tuliyajua kwa moyo, lakini utamu wake ulishatoka zamani. Tuliyasema kwa heshima tu, kwa sababu sisi Wasimbi wa bondeni na wao Wanyanda wa mlimani ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa mdomo. Mtani anaweza kukuambia lolote, anaweza kubeba kuku wako huku unamwona, na ukinuna aibu ni yako. Ukifa, yeye ndiye anayechekesha watu matangani na kuwasumbua wazikaji kaburini. Watu husifu utani wa Wangoni na Wanyamwezi. Wasifu, ila hawajauona wetu.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na kitanda. "Hali yako?"

"Shwari," akasema, akakohoa mpaka shuka likatikisika. Kila mtu alijibu hivyo miaka ile, hata mwenye jino bovu.

"Mwanao Masanja yuko wapi?"

"Nimemtuma mbali makusudi. Nina neno, na ni lako peke yako. Mwamvita, mimi nimewaibia."

"Umetuibia nini?"

"Maji."

Lazima nieleze hapo. Kalunde alikuwa mlinda lango wa Mfereji Mkuu, ule unaotoa maji ya mto Lwanji mlimani na kuyashusha kwenye mashamba yetu ya mpunga. Lango lile halikuwahi kuwa na kipimo kilichoandikwa mahali. Kipimo chake kilikuwa kelele. Kila mwanzo wa kilimo ilikuwepo Siku ya Lango: Wasimbi wote tunapanda, Wanyanda wote wanatoka, tunatukanana toka asubuhi. Tukiwazidi, lango linapanda. Wakituzidi, linashuka. Jioni hakuna aliyebaki na sauti, na pale lango lilipo ndipo linapokaa mwaka mzima. Wageni walituona wendawazimu, lakini kwa miaka mia na zaidi hakuna aliyekufa kwa kiu wala kwa panga.

Isipokuwa mwaka mmoja. Mwaka wa ukame mkubwa, mtu alikuja Siku ya Lango na bunduki chini ya koti. Wiki mbili baadaye tulikuwa na maiti mia tatu na kumi na mbili. Kaka yangu Seif alikuwemo. Mtoto wa kwanza wa Kalunde alikuwemo.

Ndipo mimi nikaleta Tuli. Sisemi "tukaleta." Wenzangu walisaidia, nawashukuru, ila akili ilikuwa yangu, mtoto wa mkulima wa mpunga niliyesomea mitambo ya mwili kwa taa ya kibatari. Ni mbegu ndogo, punje ya ufuta ni kubwa kwake, inayokaa chini ya ngozi ya mkono. Inasikiliza damu. Damu ikianza kuchemka, mbegu inaujulisha mnara niliousimamisha kilimani, mnara unaiamuru itoe dawa kidogo sana, na hasira inazimika kabla mwenyewe hajajua itampeleka wapi. Watu wote wa mlimani na bondeni walitiwa mbegu, na watoto waliozaliwa baadaye wakatiwa. Miaka ishirini na moja hakuna aliyenyanyua ngumi. Wageni walikuja kutoka mbali kutupiga picha, nami nilijifunga kanga mpya nikasimama katikati.

"Mwaka wa nane wa Tuli mvua zilichelewa," Kalunde akaendelea. "Nikashusha lango upana wa kidole kimoja, ng'ombe wapate kunywa. Nikakaa kwenye kiti changu kungoja mje mnitukane. Nilikuwa nimejiandaa kulipandisha, mtani wangu, haki ya Mungu. Siku ya Lango mkaja. Mkaniamkia. Mkauliza habari za nyumbani, mkanywa uji, mkarudi. Mwaka uliofuata nikashusha kidole cha pili, nione. Mkanywa uji. Sasa ni vidole kumi na vinne. Mtu akiiba na hafukuzwi, ataacha lini?"

Hasira ikanipanda kutoka tumboni. Niliisikia ikifika kifuani. Halafu pale mkononi nikahisi ubaridi wa tone moja la maji, na yote ikakatika.

"Basi," nikasema. "Yameshapita."

Kalunde akajiinua kwa kiwiko. "Umejisikia? Nimekwambia nimekuibia miaka kumi na minne, nawe unaniambia yameshapita."

"Sasa nifanyeje?"

"Funga fundo kwenye pindo la kanga. Funga sasa hivi, kabla hujatoka. Ukiingia kwenye kile chumba chako cha chuma, lifungue ukumbuke. Na la pili, usiniache nizikwe kimya. Nimezika Wanyanda arobaini tangu mnara wako usimame, na wote wameshushwa kama magunia. Mimi ni Kalunde. Nataka mtani kaburini kwangu."

Nikafunga fundo. Akanyoosha kidole kulikagua kama limekaza.

2

Nilirudi kwa njia ya kando ya mfereji. Nilipokuwa msichana maji yake yalinifika kiunoni. Siku ile nilivua viatu nikaingia, yakanifika kwenye vifundo vya miguu.

Jirani yangu Sijaona, mwanamke niliyekua naye, alikuwa amechutama kwenye jaruba lake la mwisho. Majaruba mengine sita alishayaacha, moja baada ya lingine, akapanda mtama, mtama nao ukakauka. Hili la mwisho lilikuwa na nyufa ambazo kuku angeweza kuzama.

"Sijaona, shoga yangu, habari za shamba?"

"Shwari tu," akasema. Alikuwa ameshika mche wa mpunga ulionyauka, anauzungusha vidoleni. Miguu yake ilikuwa imekonda sana.

"Watoto wanakula nini?"

"Wanapata chochote. Shwari tu, dada."

Nilimpa pole, nikaenda zangu. Nililala usingizi mzuri, na hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Kesho yake jioni wakaleta habari kwamba Kalunde amefariki, na maziko ni siku ya pili yake saa sita mchana. Nilipokuwa nachagua kanga ya msibani mkono ukagusa fundo. Nikakumbuka kwamba niliambiwa nilifungue chumbani, ila sikukumbuka kwa nini lilionekana jambo kubwa. Nikamtumia Masanja ujumbe: asubuhi kabla ya maziko aje mnarani na ufunguo wake, kuna kazi.

3

Mnara umesimama juu ya kilima katikati ya nchi zetu mbili, na chini yake kuna chumba cha kuta za chuma nene. Nilikijenga hivyo ili mbegu za mafundi zisiingilie mashine. Ndani yake sauti ya mnara haifiki, kwa hiyo anayeingia anakuwa mtu wa zamani mpaka atoke. Kwa kawaida niliingia mara moja kwa mwaka, nusu saa, nikisafisha vumbi haraka haraka. Sikupenda nilivyojisikia mle.

Kuzima mnara kunahitaji funguo mbili, wangu wa Wasimbi na wa Masanja wa Wanyanda. Kuwasha kunatosha ufunguo mmoja. Na kuna jambo la tatu, ambalo nililiweka mwenyewe wakati nina busara: mbegu zisiposikia mnara muda wa saa tatu mfululizo, zinalala. Kuziamsha ni mpaka kila mtu aende zahanati kwa miguu yake na hiari yake. Niliogopa siku moja mnara uje ukamatwe na mtu mbaya.

Niliingia wa kwanza, nikafunga mlango, nikafungua fundo.

Sitaeleza yote niliyoyafanya. Nilipiga ukuta ule mpaka mikono ikavimba. Nilimwona Sijaona na mche wake. Nikajiona mimi nikimpa pole na kuondoka, fundi mkubwa, mwanamke wa picha. Nililia kwa hasira, halafu nikalia kwa ajili ya Kalunde, mwizi yule, rafiki yangu wa miaka hamsini, na vilio viwili vikachanganyika.

Masanja alipoingia alinikuta nimekaa chini. Ni mtu wa miaka arobaini, mrefu, mpole kwa sura. Alikuwa amevaa shati jeusi la msiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole kwa msiba. Funga mlango."

Akafunga. Akasimama kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu nje. Halafu akashika meza kwa mikono miwili, na sauti ikamtoka ambayo sijaisikia tangu wakati wa vita.

Nilimwacha alie. Alipopata pumzi akasema, "Jana alipokata roho nilikuwa nimemshika mkono. Nikajisikia kama mtu aliyepoteza kofia. Mama, nilitoka nje nikaenda kuangalia ng'ombe."

"Si kosa lako. Ni kazi yangu ile."

"Tuzime," akasema. "Kwa ajili ya maziko tu. Sitaki kumzika baba yangu nikiwa vile nilivyokuwa nje."

Ningeweza kunyamaza hapo. Ufunguo wake alishautoa mfukoni, na mimi wangu ulikuwa shingoni. Lakini Msimbi haibi, hasa kwa mfiwa. Nikamwambia yote: vidole kumi na vinne, uji, Sijaona. Nikamwambia kwamba mnara ukizimwa watu wangu watapita mbele ya lango wakienda makaburini, wataona maji, na wataelewa.

Uso wake ukabadilika. "Unamwita baba yangu mwizi, na hata hajazikwa?"

"Alijiita mwenyewe."

"Mwongo!" Akapiga meza, bisibisi zikaruka. Tulisimama tumetazamana, mimi na miaka yangu sitini na mitatu, yeye na mikono yake mikubwa. Halafu akaitazama mikono ile, akairudisha nyuma ya mgongo wake.

"Unaona?" akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa vita vilipokwisha. Nakumbuka hasira ni nini, na bado nimetaka kukupiga. Kuna watu kule nje wana miaka ishirini, hawajawahi kukasirika hata siku moja. Utawapa leo, kwa mara ya kwanza, mbele ya jeneza? Hiyo ni haki?"

Nilizunguka chumba kile mara mbili.

"Basi tuwaulize," akasema. "Tutoke, tuitishe mkutano, watu waamue."

"Tukiwauliza wakiwa na Tuli watakubali. Ukiwaomba tuzime watasema ndiyo. Ukiwaomba tusizime watasema ndiyo. Ukiwaomba wahame bonde waende jangwani watasema shwari. Masanja, hakuna mtu wa kumuuliza kule nje. Nimewaondoa wote."

Akaugeuza ufunguo wake kiganjani.

"Utani ulishindwa mwaka ule," akasema mwishowe. "Ulishindwa, mama. Kaka yangu alikufa langoni."

"Na kaka yangu. Ulishindwa mara moja kwa miaka mia. Mnara wangu umeshindwa kila siku miaka kumi na minne, na hakuna aliyenuna."

Tulikaa humo mpaka jua likapanda. Tulijua tukifungua mlango kabla ya kuamua, hakuna litakaloamuliwa tena. Saa nne kamili alisimama, akatia ufunguo wake kwenye tundu la kulia. "Nikiona damu nakimbia kuwasha," akasema.

"Ukiona damu utanikuta nimeshafika," nikamjibu, nikatia wangu.

4

Kilio cha kwanza tulikisikia kabla hatujafika chini ya kilima. Kilitoka nyumbani kwa Kalunde, kikaenea. Wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa msiba kwa utaratibu mzuri waliacha miiko, wakashika vichwa. Kalunde alililiwa, na nyuma yake wakaliliwa wale arobaini waliozikwa kimya. Binti mmoja alimshika mama yake akiuliza, "Mama, naumwa? Hapa kifuani." Mama yake akamwambia, "Huumwi, mwanangu. Una uchungu." Na akamkumbatia.

Wasimbi walikuwa wanapanda kwa ajili ya maziko, watu mia nane na zaidi. Makaburi ya Wanyanda yako juu ya lango, hatua hamsini tu. Walipopita pale niliwaona wakipunguza mwendo. Wakasimama. Upande wa juu maji yamejaa, ng'ombe wamezama mpaka tumboni wakinywa. Upande wa chini kuna kijito ambacho mtoto angeruka.

Sijaona ndiye aliyeanza. Alitazama juu, akatazama chini, akaitazama miguu yake.

"Maji yetu yale!" akapiga ukelele. "Nyie watu! Maji yetu yale!"

Ukelele ule ulinipita mwilini. Nilitaka kushangilia na nilitaka kukimbia. Watu wakasukumana kuelekea juu. Wanyanda, machozi hayajakauka, wakageuka wakakuta umati unawajia, na wao wakasogea kulizunguka jeneza. Mtu akasema "wezi." Mtu akasema "msibani kwetu?" Kijana mmoja wetu alikuwa ameshika jiwe, analitazama kana kwamba limeingia mkononi lenyewe. Kaburi lilikuwa wazi katikati, na Masanja alikuwa amesimama ukingoni na jembe. Nikaona anautazama mnara. Mkono wake ukaenda mfukoni penye ufunguo.

Nikapandisha kanga mapajani nikaruka ndani ya kaburi.

Kuruka ni kusema tu. Nilianguka. Goti la kushoto likalia, nikapiga kelele, na kwa kelele ile watu wote wakanyamaza.

"Haya!" nikasema kutoka chini kule. "Mnamleta wapi kupe huyu? Nani amewaambia ardhi inamtaka? Amenyonya ng'ombe, amenyonya mbuzi, amenyonya mpaka mto! Mkimzika hapa, kesho mtakuta makaburi yote yamekauka!"

Hakuna aliyenirudishia tusi. Nikawaza, wamesahau. Miaka ishirini na moja, wamesahau, na mimi nimeshawaua.

"Toka humo!" Alikuwa mdogo wake marehemu, mzee mwenye ndevu nyeupe, ameshika koleo. "Toka, mwanamke wewe!"

"Sitoki. Mimi ni mtani, nataka haki yangu."

"Mpeni kuku atoke!" sauti ya kikongwe ikaita kwa nyuma, na moyo wangu ukaruka, maana kikongwe yule alikumbuka.

"Sitaki kuku. Kuku wenu wamekonda kuliko nyie. Nataka vidole vyangu. Kalunde amelala na vidole vyangu kumi na vinne, vya lango lile pale, na hazikwi mpaka virudi!"

Mnong'ono ukapita juu yangu kama upepo kwenye mpunga. Mzee wa ndevu nyeupe akachota udongo kwa koleo, akaurusha. Ukanipata usoni na kinywani. Juu nikasikia Wasimbi wakinguruma, nikaona kwa jicho moja lile jiwe likinyanyuka.

Nikatema udongo. "Mnaona ubahili wao?" nikapaza sauti. "Hata udongo wananipa nusu koleo!"

Sijui nani alicheka. Ilikuwa sauti ndogo tu, ya mtu aliyeshtukizwa. Halafu Masanja akaja ukingoni kabisa, na jembe likiwa mikononi. Uso wake ulikuwa umelowa. Nilimjua tangu anatambaa, na sikujua atafanya nini. Nilimtazama machoni na nikaogopa, nikajisemea, ikiwa ni hivi, basi ni hivi.

Akalichomeka jembe ardhini.

"Chura," akasema, sauti inakatika. "Toka. Unamchafulia baba yangu kitanda."

"Baba yako alilala na mbuzi miaka themanini, leo anachagua shuka?"

Kicheko kikaanza upande wetu. Yeye hakucheka bado. Akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Unasema vidole vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Tangu lini chura akahesabu mpaka kumi na vinne? Mkono wake mwenyewe una vidole vinne!"

Hapo watu wakaangua. Wanyanda walicheka, wengine huku wanalia, na Wasimbi wakacheka kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa nzuri, na Masanja, mpole wa watu, hajawahi kumtania mtu maishani mwake. Yule kijana wetu alilitazama jiwe lake kisha akalidondosha chini, akawa anacheka bila kujua anachekea nini. Sijaona akapenya mpaka mbele, akasimama mbele ya Masanja mikono kiunoni: "Na wewe mtoto wa kupe, unajua kusoma vidole au unajua kunyonya tu? Angalia miguu yangu! Iangalie! Hii ni miguu au vijiti vya mishikaki?"

Masanja akaitazama miguu ile. Kicheko chake kikaisha polepole.

"Saba," akasema.

"Kumi na vinne," tukamjibu wote.

"Kumi, na ng'ombe dume wa matanga ni wenu."

"Kumi na vinne, na ng'ombe tunamla vilevile!"

Wakaanza kubishana umati mzima, mlima kwa bonde, kupe kwa chura. Wazee waliokuwa kimya miaka yote walinyanyuka na matusi ya kale, yaliyokunjwa vizuri kama nguo za sanduku, na waliozaliwa baadaye wakawa wanawauliza maana yake, na wakisikia wanajishika vinywa. Mmoja alisukuma, akasukumwa. Wawili walikunjana mashati, mama zao wakawatenganisha kwa makofi. Mimi nilikuwa chini na goti langu, nasikiliza. Nilisomea mitambo, nimejenga mnara unaoonekana kutoka wilaya tatu, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia zile kelele.

Mwishowe Masanja akanyanyua mkono. Akamgeukia baba yake mdogo, mzee wa ndevu nyeupe. Mzee akainamisha kichwa, akatikisa mara moja.

"Fungueni," Masanja akasema. "Vidole kumi na vinne. Asizikwe akiwa na deni la mtani."

Wanaume wanne, wawili wa kwao na wawili wa kwetu, wakashuka kwenye gurudumu la lango. Lilikuwa na kutu, likalia. Tulihesabu kwa sauti, kidole kwa kidole, na kwenye cha kumi na nne nikasikia maji yakiteremka bondeni.

"Haya, toka," Masanja akaniambia.

"Siwezi. Goti."

Akateremka mwenyewe, akanibeba mgongoni kama gunia la mpunga, mbele ya watu wote. "Mzito kwa mtu aliyekosa maji," akasema. Wakati ananiweka ukingoni nikaliona jeneza la Kalunde karibu yangu, nikaweka mkono juu yake. Hapo ndipo nilipomlilia mtani wangu, kwa sauti, bila aibu.

Tulipomaliza kuweka mashada, Masanja akanisogelea. "Mama, saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu. Saa saba na dakika kumi na moja. Tulizima saa nne. Mbegu zilishalala.

Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya ufunguo. Akautoa mtupu.

5

Sifichi mambo. Mwezi ule watu wawili walivunjana meno sokoni. Mume mmoja alikimbiwa na mke ambaye kwa miaka kumi alikuwa akimwambia shwari. Watu mia tatu na kitu walikwenda zahanati kuamsha mbegu zao, na niliwaamshia kwa mikono yangu, kwa sababu ni haki yao kuchagua. Wilaya wameniandikia barua tatu za kunitaka nijieleze. Nimejibu moja. Kuna siku nasikia sauti ya mlango ukipigwa nashtuka, namkumbuka yule mtu wa bunduki chini ya koti, na najua hakuna mnara wa kumzuia. Tuko sisi tu.

Leo ni mwanzo wa kilimo. Asubuhi Sijaona amepita kwangu, matope mpaka magotini, nikamuuliza habari za shamba.

"Mbaya!" akanijibu. "Mchwa wamekula kingo, na mtoto wa jirani ameniibia miche, nitamkata masikio!" Alikuwa amenenepa, na macho yake yanawaka.

Kutoka mlimani tukasikia mtu anapiga kelele. Masanja ndiye mlinda lango sasa. Alikuwa amepanda juu ya gurudumu, anatuita vyura, anauliza kama tumeamka au bado tunaangua mayai, na anaapa kwamba mwaka huu hatupati hata kidole kimoja.

Sauti yake imekuwa nene. Amejifunza vizuri, mtoto yule.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikachukua fimbo yangu kwa ajili ya goti, nikapanda kwenda kumtukana.